Wote Wakamtazama Mfua Makufuli

Nyumbani, 9 Februari

Kaka Radi,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Sijamwambia Mama, sijamwambia hata Bibi, ambaye tangu apatwe na kiharusi ningeweza kummiminia siri zote za dunia na zisingetoka mdomoni mwake. Nakwambia wewe kwa sababu uko mbali, sitauona uso wako ukicheka.

Mfua Makufuli ni mimi.

Najua, najua. Yeye ni mrefu mpaka anainama mlangoni, ana mikono kama ya mchukuzi wa mizigo, na mimi mwalimu akiniita ubaoni magoti yanagongana. Lakini tangu tulipoanza lile daftari letu, mimi nikiwa na miaka kumi na mbili na wewe kumi na tatu, kila nilipoandika sura yangu nilikuwa naingia ndani yake kama mtoto anayevaa koti la mkubwa wake. Wewe hukuficha: Mwana wa Radi ana kicheko chako, ana njaa yako, hata anakoroma kama wewe. Mimi nilijificha. Nilimpa nyundo, nikampa karakana chini ya Mlima wa Chumvi, nikampa kazi ya kufua makufuli yanayolizuia Zimwi la Kina lisipande likanywa visima vyote. Nilitaka pawe na mahali ambapo mwanamke akiacha kazi yake siku moja tu, ufalme mzima unatetemeka.

Daftari limefika leo. Mama amelitoa kazini kwake, amelikunja ndani ya aproni ya dobi la hospitali ili Baba asilione. (Jana tu Baba kasema tena kwamba hadithi za mazimwi ni kazi ya watu wasio na kazi.) Nimesoma sura yako ya kumi na mbili nikiwa nimesimama uani, sikuweza kukaa.

Umemuua. Ukurasa wa tatu tu. Baraza linauliza nani atabaki kushikilia lango wakati wengine wanakimbia, "wote wakamtazama Mfua Makufuli, naye akainamisha kichwa", halafu mwamba unamwangukia. Baada ya hapo kurasa tisa nzima Mwana wa Radi analia, ananyoa nywele, ananoa upanga. Kurasa tisa, Kaka. Yeye amekufa kwa mistari minne.

Sheria naikumbuka, niliiandika mwenyewe kwenye jalada: hakuna kufuta, hakuna kuchana, aliyepokea anaendelea pale mwenzake alipoachia. Sasa niambie, naendeleaje nikiwa chini ya mwamba?

Shule ni nzuri. Mwalimu wetu wa Historia ana sauti kama ya redio, na nimepata kiti cha dirishani. Mama wa kumtunza Bibi alipatikana, kama Baba alivyotuahidi. Usiwe na wasiwasi.

Wako,
Kimya


Bwenini, 21 Februari

Dada mdogo, Mwenye Nyundo,

Kwanza niache nicheke. Haya, nimemaliza. Wewe? Wewe uliyefukuzwa na jogoo wa jirani mpaka ukapanda juu ya karo la kufulia, ukakaa huko ukisubiri Mama arudi kazini?

Sasa kwa heshima zote: samahani kwa kukuua. Sikujua ni wewe. Lakini nikwambie ukweli, hiyo ndiyo sura bora kuliko zote tulizowahi kuandika. Niliisoma bwenini Jumamosi mchana, mvua ilikuwa imetufungia ndani, wavulana wamejazana watatu watatu kwenye kila kitanda. Nilipofika kwenye mwamba tukawa tunasikia mpaka bomba linalovuja huko bafuni. Kiranja wetu, yule mwenye shingo kama gogo, aligeukia ukutani akajidai anatafuta soksi. Alikuwa analia! Hawajawahi kumpenda Mfua Makufuli kama siku aliyokufa.

Na fikiria kama mwandishi. Mwana wa Radi alikuwa anazurura tu, anakula, anachekesha watu. Hakuwa na sababu ya kwenda vitani. Sasa anayo. Halafu hii ni hadithi ya enzi za kale, za ngome na mapanga. Wanawake wa enzi hizo hawakupigana, hilo kila mtu analijua. Msomaji ataamini vipi? Wenzangu walishaanza kunung'unika tangu sura ya tisa, pale anapomwinua nahodha kwa mkono mmoja. "Mwanamke gani huyo?" wakasema.

Usinune, bwana. Endelea kutoka hapo. Mfanye mzimu kama unataka. Mizimu ya kike inapendeza, inavaa nguo nyeupe na kutoa mawaidha.

Shule yako naionea wivu. Sisi mwalimu wa Historia anasinzia akiwa ameshika chaki. Nisalimie Bibi, umwambie mjukuu wake mwenye kelele anamkumbuka. Bado anasema neno lile moja tu?

Radi


Nyumbani, 4 Machi

Kaka Radi,

Ulivyocheka nimesikia mpaka huku. Jogoo yule alikuwa na wazimu na wewe unajua.

Bibi yuko na neno lake lilelile. Uji, Bibi? "Bado." Nikugeuze? "Bado." Nilimsomea sura yako. Nilipofika kwenye mwamba alifumbua macho akasema "Bado!" kwa nguvu mpaka mate yakamtoka. Nikarudia kusoma, naye akarudia. Kwa hiyo tuko wawili tuliokataa.

Sasa nikujibu. Kwa mdomo sijui kubishana, mbele ya watu maneno yananikauka. Kwenye karatasi naweza.

Unasema msomaji hataamini. Kaka, ndani ya daftari hilo kuna farasi anayekula makaa ya moto. Kuna mto unaopanda mlima. Kuna mfalme ambaye kivuli chake kilimtoroka, kikaoa, kikapata watoto. Wenzako wameyameza yote hayo bila maji. Mwanamke kushika nyundo ndiko kunakowakwama kooni? Tulitunga ulimwengu mzima, wewe na mimi, tukabadilisha mpaka rangi ya mvua. Kitu pekee tulichokibeba kutoka nyumbani kama kilivyo, bila hata kukikung'uta vumbi, ni nani anaondoka na nani anabaki.

Nimehesabu. Unakumbuka nilikuwa naorodhesha kila kitabu nilichoazima maktaba, vya Kiswahili na vya Kiingereza? Nimepitia vile vyote vyenye falme, wachawi na mazimwi. Ni thelathini na kimoja. Katika kumi na tisa, mama wa shujaa ameshakufa kabla hadithi haijaanza. Mwanamume mwenye uwezo wa ajabu anakuwa mzee wa hekima, ana ndevu, watu wanasafiri kwenda kumuuliza maswali. Mwanamke mwenye uwezo uleule wanamchoma, au uzuri wake unamtoka ghafla mbele ya watu, na hilo ndilo fundisho. Nilijifunza lugha mbili nikidhani nikichoka na hadithi za lugha moja nitapumzika kwenye nyingine. Kumbe nyumba ni mbili, chumba nilichotengewa ni kilekile.

Halafu hayo machozi ya kiranja. Sikatai kwamba yalikuwa ya kweli. Lakini alimlilia nani? Sura kumi na moja alikuwa hai wakamnung'unikia, ikabidi afe ndipo wampende. Hujui jinsi hilo linavyonitisha.

Mzimu wa nguo nyeupe nimeukataa. Daftari nakurudishia na barua hii, sijaongeza kitu.

Shule inaendelea. Juzi tulikuwa na jaribio la Jiografia.

Kimya


Bwenini, 17 Machi

Kimya,

Kumbe unaunguruma! Nimekaa na barua yako siku tano, naisoma, naikunja, naifungua tena. Kiranja akaniuliza ni ya mpenzi wangu? Nikamwambia ni ya dada yangu, ananichapa.

Kwa farasi wa makaa umenishinda. Nakubali, na inaniuma kukubali.

Lakini na mimi nina yangu. Unasema nimewabeba wanawake wa nyumbani bila kuwakung'uta. Wanaume wako je? Mfalme wako hawezi kufunga kamba za viatu vyake. Nahodha wako mlevi. Baba wa Mfua Makufuli umemtaja mara moja, amelala. Katika sura zako sita hakuna mwanamume hata mmoja anayembeba mtoto, hakuna anayepika, hakuna anayelia bila kuwa mjinga. Mwana wa Radi amelia mara moja katika maisha yake na wewe ukamhesabia kurasa. Mama yangu mzazi, shangazi yako, alipokufa nilikuwa na miaka saba, Kimya. Watu wazima walinipigapiga begani, "jikaze, wewe ni mwanaume". Nikajikaza. Hizo kurasa tisa unafikiri zilitoka wapi?

Na lingine. Kumbe Mfua Makufuli alitaka kuishi. Ningejuaje? Jumapili nimezirudia sura zako zote wakati nguo zangu zinakauka. Haongei! Sura sita, hasemi hata sentensi moja. Anapiga nyundo, anafuta jasho, anatikisa kichwa. Baraza lilipouliza, mimi nilimwandika kama ulivyonifundisha wewe. Uliyemnyima mdomo ni wewe. Mimi nimemwangushia mwamba tu.

Usikasirike. Ni mimi yuleyule ninayekukosa. Nitumie maswali ya hilo jaribio la Jiografia, na sisi tunalo wiki ijayo na sijui kitu.

Radi


Nyumbani, 26 Machi

Kaka Radi,

Maswali ya Jiografia sina. Hapakuwa na jaribio. Hakuna mwalimu mwenye sauti ya redio, hakuna kiti cha dirishani. Sijaenda shule hata siku moja.

Mtunzaji alikuja mmoja, akakaa siku mbili, akasema mgongo wake haumruhusu kunyanyua mtu mzima. Baba akasema, "Wiki mbili nyingine, mama, tutapata mwingine." Anavyoniita "mama" unajua, kwa ile sauti yake laini, mpaka mtu unaona aibu kuwa na shida. Wiki mbili zikazaa nyingine. Siku hizi hata hatafuti. Wageni wakija anawaambia, "Huyu ndiye nguzo ya nyumba hii," na mimi nimesimama na beseni mkononi.

Bibi anageuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unachubuka. Naanza na bega, halafu nyonga, halafu naweka mto katikati ya magoti. Mpira wa kitandani, ule unaozuia godoro lisilowe, unafutwa, shuka linabadilishwa. Uji kwa kijiko kidogo, upande wa mdomo usiopooza, nasubiri ameze. Naandika barua hizi mchana akilala, naandikia magotini. Nilikudanganya kwa sababu kwenye barua nilikuwa na mwalimu na dirisha, na nilipokuwa naandika, kwa dakika chache, nilikuwa navyo kweli.

Na kaka yetu Meneja yupo. Yuko palepale kwenye kochi anasimamia rimoti, amemaliza chuo mwaka jana, anasubiri kazi. Hakuna aliyemtaja. Mama aliwahi kujaribu, Baba akasema mwanaume hawezi kumwogesha mama yake wala bibi yake, ni aibu kwa Bibi mwenyewe. Sawa, kuogesha nitaogesha mimi, jioni. Lakini uji? Kufua mashuka? Kukaa tu hapa asubuhi awepo mtu? Uji nao una aibu?

Kuhusu kurasa tisa, nisamehe. Sikujua. Nilikuwa nakuona unacheka tu.

Kuhusu mdomo, umesema kweli na nimeshinda na ukweli huo siku tatu kama mtu mwenye mwiba. Sikumpa mdomo kwa sababu sina wa kumwazima.

Lakini kuna sentensi moja nataka uniambie uliipata wapi. "Wote wakamtazama, naye akainamisha kichwa." Mimi najua ulikoipata. Ni sebuleni kwetu, jioni ile kabla hujaondoka. Baba alisema, "Sasa nani atabaki na Bibi?" Mama alikuwa anakunja nguo, mikono ikasimama. Meneja akapunguza sauti ya televisheni, heshima kubwa sana hiyo kwake. Wewe ulikuwa unahangaika na zipu ya begi lako. Halafu wote mkanitazama. Mimi nikainamisha kichwa.

Kwa hiyo uliona. Uliona vizuri kiasi cha kuandika.

Sikuandiki kukulaumu. Naomba kitu. Shule inanishikilia nafasi mpaka tarehe thelathini Aprili, baada ya hapo anapewa mwingine na hakuna kurudi. Baba anakusikiliza wewe. Kila akipata mgeni anamwonyesha matokeo yako kabla hajamwonyesha kiti. Mwandikie mistari mitatu tu. Sema Meneja akae na Bibi asubuhi, mimi nitafanya mengine yote nikirudi. Mimi nikisimama mbele yake sitaweza, unanijua.

Mistari mitatu, Kaka. Ulimpa Mwana wa Radi kurasa tisa.

Kimya


Bwenini, 5 Aprili

Kimya,

Nimesoma. Sina utani leo.

Namwandikia Mjomba Jumapili hii. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Anza kunyoosha sare.

Radi


Nyumbani, 19 Aprili

Kaka Radi,

Barua yako kwa Baba ilifika Alhamisi. Niliiona mezani kabla hajarudi, mwandiko wako, bahasha yenye mhuri wa shule. Niliogopa kuigusa. Nilipasha moto pasi, nikanyoosha sare yangu kama ulivyoniambia, nikaitundika nyuma ya mlango wa Bibi ili na yeye aione.

Baada ya chai Baba akavaa miwani, akatuita wote, akaisoma kwa sauti. Unaendelea vizuri. Unamshukuru kwa kila kitu. Hesabu umekuwa wa pili. Chakula si kibaya. Halafu mwisho kabisa, nimeshaijua kwa moyo: "Nisalimie sana dada yangu Kimya. Namshukuru kwa moyo anaomtunzia Bibi yetu. Si kila msichana angeweza."

Baba alivua miwani. Macho yalikuwa yamemlowa, sikutanii. Akaniambia, "Umesikia, mama? Hata mwenzako huko aliko anajua thamani yako." Meneja akasema, "Safi sana," akarudi kwenye mpira wake. Mama aliniangalia, nikaona anajua kila kitu, nikaona pia hana la kufanya. Yeye anasimama kwenye mashine za dobi tangu asubuhi mpaka jioni, asipokwenda hatuli.

Niligeuza ile karatasi nyuma nikidhani labda umeandika huko. Palikuwa peupe.

Sare nimeikunja. Sijui hata kwa nini nakuandikia. Labda kwa sababu bado zipo siku kumi na moja.

K.


Bwenini, 27 Aprili

Kimya,

Niliandika barua nne. Hiyo iliyofika ni ya nne.

Ya kwanza ilikuwa na mistari yako mitatu, na mingine ishirini ya hasira. Niliibeba mpaka kwenye sanduku la posta, nikaiingiza nusu, nikaitoa. Nisikilize, halafu unichukie. Meneja akimpinga Baba yake, ni mtoto mkaidi, watagombana, kesho watakula pamoja. Mimi nikimpinga Mjomba, mimi ni mtoto wa marehemu dada yake asiye na shukrani. Sina nyumba nyingine. Hata kitanda ninacholalia likizo ni cha Meneja. Kila nilipoandika "lakini Mjomba" nilichukua karatasi nyingine. Ndiyo maana nikaandika asante, asante ndiyo ninayojua kuiandika. Nilidhani nikikusifu ataona haya, atajiuliza. Nilikuwa mjinga.

Na kuna lingine, baya kuliko hilo. Umesema niliona. Nilifanya zaidi ya kuona. Mchana wa siku ile, kabla ya kikao, Mjomba aliniita barazani. Akaniuliza kama anavyomuuliza mtu mzima mwenzake, nami kichwa kikavimba: "Wewe unaonaje, nani abaki?" Nikamwambia, "Kimya ana subira, Mjomba. Kimya hatalalamika."

Ni hivyo tu. Maneno hayo. Hata sikuyafikiria. Nilifika huku, nikaanza kuandika sura ya kumi na mbili, na mkono wangu ukaandika Baraza. Nilijidanganya kwamba natunga.

Nimechana ule ukurasa daftari likiwa huku kwangu. Ndiyo, wewe ulilirudisha likiwa zima na mimi nimevunja sheria. Karatasi yenyewe hii hapa, nakutumia na daftari. Ichome. Mfua Makufuli hajafa. Mwandike upya vyovyote unavyotaka, hata amkate kichwa Mwana wa Radi, sitaongeza neno.

Leo ni tarehe ishirini na saba. Mpaka ikufikie barua hii, itakuwa imepita. Najua. Nilikuwa najua hata nilipokuwa natafuta stempu.

Radi


Nyumbani, 4 Mei

Kaka Radi,

Ukurasa uliouchana nimeurudisha mahali pake kwa gundi ya unga, umekauka vizuri, ila umekunjamana kidogo pembeni. Usidhani nimekusamehe, wala usidhani nimekataa. Sijui. Niulize siku nyingine. Ila ukimfufua kwa kuchana karatasi, inakuwa kama Baraza halikuwahi kukaa. Lilikaa. Nataka ibaki imeandikwa kwamba lilikaa, na nani walikuwepo, na kwamba na mimi nilikuwepo.

Mama alipitia shuleni juzi akitoka kazini. Alisema alikuwa anapita tu. Jina langu limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, chini yake limeandikwa jingine, nalo la msichana. Nilifurahi kidogo kwamba ni la msichana. Halafu nikainamia beseni la mashuka, maji mengine yakaongezeka humo.

Nataka ujue nilijaribu. Asubuhi ya tarehe thelathini Baba alikuwa amekaa anafunga viatu. Nilikuwa na sentensi nimeifua wiki nzima, nimeipiga kila upande mpaka ikanyooka: "Baba, naomba nirudi shule." Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Baba." Akainua uso akatabasamu, "Naam, mama?" Kaka, hakuna mtu mbaya katika nyumba hii. Hilo ndilo linaloniua. Kungekuwa na Zimwi ningejua nyundo niipige wapi. Nikasema, "Bibi ameshakunywa dawa." Akasema, "Ahsante, mama. Mungu akubariki." Akaondoka.

Nimeanza sura ya kumi na tatu. Sijamfufua. Nimeandika hivi: watu wanarudi kwenye ngome yao, Mwana wa Radi ameshinda vita vyake, wanamwimbia. Lakini makufuli yameshika kutu na hakuna anayejua yanavyofunguliwa, ghala limefungwa na chakula kiko ndani. Wanasimama juu ya mwamba wanataka kumwita aliyeko chini, na wanagundua hawajui waite nani.

Nikapekua daftari zima, tangu ukurasa wa kwanza. Ni kweli. Farasi tulimpa jina. Upanga tuliupa jina. Kivuli cha mfalme kina jina na watoto wake watatu wana majina. Yeye tulimwita kazi yake. Wewe na mimi. Na mimi ndiye niliyeanza.

Hapo nimekwama siku nne. Nilidhani nikifika hapo jina litakuja, nimwandikie japo hilo. Halijaja. Sioni hadithi inakokwenda na sina la kukutia moyo wala la kujitia moyo. Nikimaliza kumgeuza Bibi nakaa, nafungua, naangalia mstari wa mwisho, nafunga, saa mbili zinakuwa zimeisha.

Bibi ameamka, ananitazama ninavyoandika. Nilimsomea barua yako yote, na ile ya barazani. Jicho lake moja lilitoa chozi, sijui kama ni la kwako au ni lile linalotoka lenyewe siku zote. Wewe ni mtoto wa binti yake. Mimi ni mtoto wa mwanawe wa kiume. Angemlilia nani?

Baba amewahi kurudi leo. Namsikia kwenye korido, soli ya kiatu chake cha kulia imeachia, inapiga sakafu kabla ya mguu wenyewe. Barua zako zote ziko chini ya mpira wa kitanda, upande wa ukutani, lakini kufika huko lazima nimnyanyue Bibi na muda sina. Ningeweza kuiacha hii hapa magotini. Aingie, aikute, aisome kwa sauti kama alivyosoma ya kwako. Sentensi iliyonishinda mlangoni imo humu, ameshaandikiwa tayari.

Nimemuuliza Bibi, "Nimwachie aione?"

"Bado."

Amenyoosha mkono wake usiopooza juu ya shuka. Amefungua kiganja, anaitaka barua. Baba anamuuliza Meneja kitu hapo nje, Meneja anacheka.

Naikunja.